Usiuze kiwanja cha Ihumwa kabla shemeji hajapima

Dada wa Kongwa, pole. Miaka minne ya ndoa, mama mkwe anakuletea mizizi, shemeji (mumeo) hataki kupima, na wewe unafikiria kuuza kiwanja ukapandikizwe mimba (IVF, yai kurutubishwa nje ya mwili) Dar. Kiwanja kiache kwanza.

Upande wa mwanaume huchangia karibu nusu ya matatizo ya kukosa mtoto, na kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote vinavyokusubiri wewe: siku 2 hadi 7 bila tendo, kikopo, basi. Mimi nilikunywa mizizi miaka miwili, chungu hadi ulimi unakufa ganzi, huku mawifi wakihesabu ng'ombe waliotolewa Chamwino. Kumbe mwenye tatizo alikuwa baba Neema. (Ndiyo, Neema yupo.)

Mwambie usiku, mkiwa wawili, si mbele ya mama yake. Mwambie "twende tukapime", usiseme "ukapime".

Wewe omba picha ya mirija ya uzazi. Huku Afrika mirija kuziba kwa maambukizi yasiyotibiwa ni chanzo kikubwa, na upandikizaji mimba ulianza kwa mwanamke wa aina hiyo: mama yake Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, mirija yake ilikuwa imeziba.

Israeli serikali hulipia upandikizaji huo hadi watoto wawili. Sisi ni mfuko wako, na mzunguko mmoja (jaribio moja la kupandikiza) unaweza usishike. Kwa hiyo ukifika Dar, uliza bei ya mzunguko wa pili kabla ya wa kwanza.