Swali la lugha: Nati za gurudumu “hufunguliwa” au “hulegezwa” kabla ya kupiga jeki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina gereji ndogo Ngamiani, Tanga. Nataka kubandika ukutani karatasi ya hatua za kubadilisha kalipa za breki za mbele, vile vifaa vinavyobana pedi kwenye diski, kwenye pikapu za zamani, isomwe na vijana wanaojifunza. Nimeandika hivi: “Fungua nati, piga jeki, toa tairi, fungua kalipa ya kulia, weka mpya, weka mafuta, toa upepo.” Jirani yangu aliyesoma ananiambia “fungua nati” hapo si sawa, “kubadilisha” niandike “kubadili”, na “upepo” niandike “hewa”. Nimfuate?

JIBU: Marahaba, fundi. Kwenye nati mfuate. Kwenye upepo ana haki nusu. Kwenye kubadilisha anakuonea. Lakini karatasi yako ina mambo mengine ambayo jirani hakuyaona, na hayo ndiyo yatakayowatia vijana hasarani.

Nati kwanza. Kulegeza ni kupunguza mkazo, nati ikabaki pale pale. Kufungua ni kuizungusha mpaka itoke. Kabla ya jeki mnataka hilo la kwanza tu, robo au nusu mzunguko, kwa sababu gurudumu likishaning'inia huzunguka pamoja na spana, na kijana akivuta kwa nguvu gari linaweza kuteleza kwenye jeki. Anayetii karatasi yako neno kwa neno atatoa nati zote gari likiwa chini, kisha ndiyo aanze kuliinua likiwa na gurudumu lisiloshikwa na kitu. Andika: “Weka vizuizi magurudumu ya nyuma, legeza nati, piga jeki, weka stendi, fungua nati, toa gurudumu.” Wazee wa pwani hutamka “regeza”, nalo ni sahihi, chagua moja ulitumie mpaka mwisho.

Tofauti hiyo hiyo itawafaa kwenye bolti ya mpira wa breki (bomba laini la mafuta), ile yenye tundu inayopitisha mafuta kuingia kwenye kalipa. Hulegezwa kalipa ikiwa bado imekazwa kwenye gari, kwa kuwa ikishaning'inia hamna cha kushikilia. Kuifungua kabisa kunakuja baadaye, chombo cha kukingia mafuta kikiwa tayari. Na wakati wa kurudisha, tenga kufunga na kukaza: “Funga kwa mkono, kisha kaza kwa spana.” Bolti iliyoingizwa kwa spana tangu mwanzo ikienda upande huharibu nyuzi za kalipa mpya, na hapo kifaa kimeshakufa kabla hakijafanya kazi.

Sasa “fungua kalipa”. Katika gereji zetu, injini ikifunguliwa imechambuliwa, vipande viko mezani. Kijana ana kila sababu ya kudhani kalipa nayo inafunguliwa vivyo hivyo, pistoni na sili (pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje) zitolewe. Ninyi mnaweka mpya, kwa hiyo andika “toa kalipa”. Kufungua kubaki kwa kazi ile nyingine ya kubadili sili na kusafisha pistoni, kama ganda lake bado zima. Nakushauri pia uchunge “kalipa imekwisha”. Pedi hulika mpaka zikaisha, kalipa huchoka. Mwandikie mteja kilichochoka hasa: pistoni imekwama kwa kutu, sili inavuja, au pini za kutelezea zimekauka. Mtu wa Tanga anayeegesha gari lake kwenye hewa ya bahari atakuelewa mara moja, na ataona kwa nini pedi ya upande mmoja imelika peke yake, rimu inachemka na gari linavuta upande.

Neno linalonitia wasiwasi kuliko yote ni “kulia”. Anayesema yuko wapi? Mwenye gari aliyekaa kwenye usukani ana kulia kwake. Kijana aliyesimama mbele ya boneti, uso kwa gari, ana kulia kwingine. Ongeza kwamba breki zilizochakaa nazo hulia, ndipo mtu anaandika “breki inalia kulia” na msomaji anasoma mara mbili. Wazee huondoa utata huo wa pili kwa kusema “kuume”, lakini wa kwanza unabaki. Andika “upande wa dereva” na “upande wa abiria”.

Hili si suala la umaridadi. Kalipa za mbele zina upande wake. Kwenye magari mengi, kalipa ya upande wa dereva itakubali kukaa upande wa abiria, bolti zikaingia bila ubishi, ila niplo, ile skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea upepo (hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki), itakuwa chini badala ya juu. Hewa hukaa juu ya mafuta. Niplo ikiwa chini haipati njia ya kutoka. Vijana watatoa upepo mpaka magharibi na pedali itabaki laini kama sponji. Kwa hiyo ongeza mstari: “Hakikisha niplo iko juu.”

Kuna jambo la idadi pia. Maneno kama kalipa, bolti, nati, pedi na washa (pete bapa inayokaa chini ya bolti) yako katika ngeli ya I-/ZI-, ambayo umoja na wingi wake haubadiliki sura. “Toa bolti” haisemi moja au ngapi. Kalipa nyingi za kuteleza zina bolti mbili zinazoishika kwenye fremu yake, na fremu yenyewe ina bolti mbili nyingine kubwa zaidi. Baadhi ya pikapu za zamani zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne zina kalipa isiyoteleza kabisa, yenye pistoni pande zote mbili, na pedi zake hushikwa na vipini na klipu. Mahali ambapo nomino imenyamaza, acha namba na kiambishi viseme: “Toa bolti zake mbili”, “badilisha kalipa zote mbili, upande wa dereva na wa abiria”, “weka pedi mpya zote nne”, “weka washa mpya mbili za shaba, moja kila upande wa kichwa cha mpira wa breki”. Washa za zamani zimeshabanwa zikalala, zikirudishwa huvuja. Na kalipa ya zamani ikishatolewa kwenye fremu ifungwe kwa waya. Isiachwe inaning'inia kwa mpira wake.

“Weka mafuta” ni hatari tupu. Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, oili ya injini ni mafuta, hata ya nazi. Oili ya injini ikiingia kwenye breki, mipira na sili zote huvimba, kuanzia masta (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) hadi magurudumu ya nyuma, na gharama yake inapita kalipa mbili. Andika “mafuta ya breki”, na aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Vilevile “grisi ya breki” kwa pini, kwani grisi ya kawaida huharibu mipira yake.

Katika kutoa upepo, watu ni wawili na amri ni za mdomo, kwa hiyo chagua maneno yasiyogongana. Aliye kwenye gurudumu anasema “kanyaga”, kisha “shikilia”. Anafungua niplo robo mzunguko, aghalabu kwa spana namba 8 au 10, mafuta na mapovu yanatoka kwenye kipira kilichozamishwa ndani ya chupa yenye mafuta ya breki, anafunga, ndipo anasema “achia”. Pigeni marufuku “acha”. Neno hilo lina sura mbili: “acha hivyo hivyo” na “acha kukanyaga”. Aliye ndani haoni chupa. Akisikia “acha” akainua mguu niplo ikiwa wazi, breki hunyonya hewa upya na mnaanza tena. “Shikilia” na “achia” hazichanganyiki hata kukiwa na kelele. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, na kopo lisikauke.

Hewa au upepo, basi? Kwa sanifu ya darasani, upepo ni hewa iendayo, na ukieleza sababu (hewa hubanika ikasinyaa, mafuta hayasinyai, ndiyo maana pedali huzama) “hewa” ndilo neno lake. Lakini kazi yenyewe huitwa kutoa upepo na kila fundi anaielewa, kama tunavyojaza tairi upepo. Liache. Na “kubadili kalipa” na “kubadilisha kalipa” zote hutumika kwa maana ya kutoa hiki na kuweka kile. Ungepotoka tu kama ungeandika “kubadilishana”, ambako kunahitaji watu wawili wapeane.

Mwisho, karatasi yako haina hatua ya kabla ya kuondoka. Pistoni za kalipa mpya ziko ndani na pedi hazijagusa diski, hivyo mkanyago wa kwanza unaweza kwenda hadi chini bila gari kusimama. Hapo “kanyaga” peke yake haitoshi, maana ni mara moja. Rudufisha kitenzi: “Kanyagakanyaga pedali mpaka iwe ngumu, ongeza mafuta ya breki yafike alama ya juu, kagua kama kuna panapovuja, ndipo uliondoe gari.”