Siwezi Kukutumia Aktiveta, Nisome Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwenye steshenari kama mimi, kaniandikia: "Dada, naomba linki ya aktiveta nzuri, yale maandishi ya kudai Windows iaktivetiwe yamerudi." Aktiveta ni programu ya wizi inayoilaghai Windows ijione imelipiwa. Ujumbe ule uliniuma. Namjibu hapa ili na wengine wenye biashara changa wasome.

Nilianza na laptopu moja ya mtumba na printa moja. Fundi akanipigia Windows kwa shilingi 15,000, na Office juu yake. Mwaka wa pili aktiveta yake ikagoma, nikapakua nyingine mwenyewe. Maelekezo yalisema nizime antivirusi kwanza. Nikazima.

Kesho yake asubuhi mwanachuo amekuja kuprinti tasnifu aliyoniachia niipange, faili halifunguki. Nikajaribu jingine, nalo vilevile. Hesabu za duka, CV za wateja, picha za marehemu mama: kila faili limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni, na kila folda lina _readme.txt, barua ya wezi walioingia kwa aktiveta ile wakafunga mafaili yangu, inayodai dola 980 ili wayafungue, au 490 nikiwasiliana nao ndani ya saa 72. Sikulipa. Yule binti alilia mbele yangu, nami nikalia. Picha za mama sijazipata hadi leo.

Nikaapa kutumia halali tu. Hata hapo niliumia tena: nilinunua mtandaoni ufunguo, yaani namba ya leseni ya Windows, wa bei ya kutupwa, ukakubali, baada ya miezi miwili ukafungiwa.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja mteja wangu. Alinieleza kwamba laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au za baada yake zina ufunguo wake ndani ya BIOS, ile programu ya msingi iliyomo kwenye mashine yenyewe, haifutiki ukifuta diski. Yangu ilikuja na Home, toleo la kawaida la Windows, fundi akapiga Pro, toleo la juu yake, na ufunguo wa Home hauifungui Pro. Basi miaka yote ile nilikuwa nalipia wizi wa kitu nilichokwisha kununua! Nikatengeneza flashi ya GB 8 kwa programu ya Microsoft yenyewe, nikafuta diski nzima, nikapiga Home. Iliposhika intaneti ikajiaktiveti yenyewe bila kuniuliza ufunguo. Nilipiga vigelegele hadi jirani wa duka la vitenge akaja kuuliza.

Kwa hiyo kagua kabla ya kununua. Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika slmgr /xpr. Ikikutajia tarehe ya kuisha, ndani ya siku 180, na mashine ni yako binafsi, si ya ofisi, ujue kuna aktiveta humo. Usibandike ufunguo halali juu ya Windows iliyokrakiwa, maana uchafu unabaki palepale. Hamisha mafaili kwenye diski ya nje, futa yote, piga upya toleo lililokuja na mashine. Ukilazimika kununua, nunua kwa Microsoft au duka linalotoa risiti, kisha unganisha leseni na akaunti yako ya Microsoft.

Na tuache kusema hatuna hela, jamani. Wateja wanatuachia vyeti, namba za NIDA, tasnifu za miaka mitatu. Hiyo ni amana ya watu, na huwezi kuilinda kwa mashine uliyoizimia ulinzi kwa mkono wako mwenyewe.

Dada uliyeniandikia, kesho kabla hujafungua duka andika ile amri, unipigie picha ya jibu lake. Usinunue chochote kabla sijaiona.