Niache wali wa nazi ili nile vizuri?

Usiuache, dada yangu, wala usikimbilie vyakula vya bei mbaya vya supamaketi. Tazama sahani zetu: wali mlima, samaki kipande, mboga ya kuonjea. Nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, robo wali au shelisheli, robo samaki au choroko. Tui lipike jepesi, zito lina mafuta mengi. Dagaa watafune na mifupa yao, kalsiamu ndiyo hiyo. Papa mkavu mroweke kwanza, chumvi yake si mchezo, na Shirika la Afya Duniani linataka tusifike gramu 5 kwa siku. Ila kama una sukari au presha, mpango wako mwengine kabisa, muone mtaalamu wa lishe.