Thomu: iponde kwanza, iache, ndipo uwashe moto

Mmeuliza wiki hii kitunguu thomu kina kazi gani, na wengi hukosea wapi. Kosa kubwa ni haraka. Punje nzima haina harufu ya maana. Ikikatwa au kupondwa, kimeng'enya kiitwacho aliinezi hukutana na kemikali iitwayo aliini iliyokuwa imetengwa nacho ndani ya punje, na papo hapo hutokea alisini, yenye ukali wote tunaoujua. Moto huua kimeng'enya hicho. Anayetumbukiza punje nzima kwenye mchuzi unaochemka atapata utamu mpole tu (kama ndio aliotaka, sina ugomvi naye). Anayetaka makali aponde, kisha aache dakika 10.

Kwa pilau ya kilo moja ya mchele, kichwa kimoja kikubwa chatosha. Kiponde kwenye kinu na kipande cha tangawizi na chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi husaidia kusaga na huzuia punje zisiteleze. Kaanga vitunguu maji mpaka viwe vya kahawia, ndipo utie thomu, koroga nusu dakika, kisha nyama na supu yake. Ukizitia pamoja mwanzoni, thomu itaungua mapema, maana ina maji machache kuliko vitunguu maji na imeshasagika. Uchungu wake hauondolewi na ndimu wala nyanya. Ikishakuwa nyeusi, mwaga mafuta uanze upya.

Kwenye achari, thomu ikigeuka kijani au buluu usiitupe. Ni asidi ya siki tu inayoibadili rangi, na haidhuru. Ya kuogopa ni thomu mbichi iliyolowekwa kwenye mafuta na kuachwa kabatini. Humo hakuna hewa wala asidi, na bakteria wa botulizimu huweza kutoa sumu bila harufu wala rangi kubadilika. Iweke kwenye friji, imalize ndani ya siku 4, au igandishe.

Dawa? Huenda ikashusha presha kidogo, lakini haichukui nafasi ya vidonge vya hospitali. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au anayesubiri upasuaji, amwulize daktari kabla ya kuimeza kwa wingi, kwani huweza kuzidisha kutoka damu. Na kuifunga mbichi usiku kucha juu ya fangasi huunguza ngozi mpaka ikatoa malengelenge.