Tokyo siku tano: ushukie Narita au Haneda?
Dada, umeuliza ushukie uwanja gani Tokyo, na kama siku tano zinatosha. Nauli zikikaribiana, chukua Haneda, uko ndani ya jiji. Narita uko kilomita kama 60 nje, na treni husimama karibu saa sita usiku. Ndege ikichelewa, teksi itakukausha mfuko. Siku tano ni chache mno. Kutoka Dar lazima uunganishe, Doha, Dubai au Addis, na Japani wametutangulia saa sita, kwa hiyo siku ya kwanza ni ya usingizi tu. Ongeza ziwe saba, tafadhali. Epuka mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei: Wajapani wenyewe wako likizo, hoteli hupanda bei. Na tiketi usiilipie kabla viza haijatoka.