Nimehamisha WordPress, kurasa za ndani zote zinaleta 404: nimekosea wapi?

SWALI: Fundi, salaam. Nilijenga tovuti ya WordPress kwenye kompyuta yangu kwa anwani ya http://localhost/tovuti, kisha nikaipandisha kwenye seva. Mwanzoni nikiifungua mimi naiona vizuri, lakini mwenzangu akifungua kwake anaambiwa haifikiki. Nikalifungua faili la SQL, yaani nakala ya hifadhidata, kwa kihariri cha maandishi, nikabadilisha kila palipokuwa na anwani ya zamani, nikaliingiza upya. Sasa ukurasa wa mwanzo unafunguka kwa kila mtu, ila nembo na menyu zimetoweka, na kila kiungo cha ndani kinaleta 404 (ukurasa haupatikani). Nimefuta na kusakinisha upya mara mbili, hali ni ileile.

JIBU: Salaam. Usisakinishe mara ya tatu, maana usakinishaji wako hauna ubaya. Hapo una makosa matatu yasiyohusiana, na yamekuchanganya kwa sababu yalikuja kwa kufuatana.

Nianze na lile la mwanzo, ambalo ulilitatua nusu bila kujua lilikuwa nini. WordPress huhifadhi anwani yake yenyewe kwenye jedwali la wp_options, katika mistari miwili: siteurl, yaani mahali faili za WordPress zilipo, na home, yaani anwani anayoandika mgeni. Ulipopandisha hifadhidata, mistari hiyo ilibaki na localhost. Kila aliyegonga mlango wa seva akaelekezwa http://localhost/tovuti. Kwa mwenzako, localhost ni kompyuta yake yeye, isiyo na kitu. Kwako wewe, ilikuwa ile nakala ya zamani, na seva yako ya majaribio ilikuwa bado inawaka. Ulikuwa hutazami tovuti mpya hata kidogo! Ndiyo maana mimi kabla ya kukagua tovuti iliyohamishwa huzima kwanza seva ya kwenye kompyuta yangu.

Dawa ya haraka ni mistari miwili ndani ya wp-config.php, faili la usanidi wa WordPress, juu ya ule mstari unaoita wp-settings.php. Nitatumia example.com, kikoa kilichotengwa kwa ajili ya mifano. Wewe weka chako:

define( 'WP_HOME', 'https://example.com' );
define( 'WP_SITEURL', 'https://example.com' );

Usiweke mkwaju (/) mwishoni. Ukishafanya hivyo, visanduku vya anwani kwenye mipangilio vitafifia na kukataa kuhaririwa. Usishtuke, ni kwa sababu faili sasa ndilo lenye kauli.

Kosa la pili ni lile la kihariri cha maandishi, nalo ndilo lililokula nembo na menyu. Mipangilio mingi ya WordPress haikai kama maandishi matupu. PHP huifunga pamoja na hesabu ya urefu wake. Anwani yako ya zamani ilikuwa imeandikwa hivi:

s:23:"http://localhost/tovuti";

Hiyo 23 ni idadi ya herufi na alama. Ukibadilisha anwani kuwa https://example.com, urefu unakuwa 19, lakini 23 imebaki palepale. PHP ikisoma inaona hesabu haiendani na kilichomo, inaukataa mfuko mzima wa mipangilio, si mstari mmoja tu. Mandhari, yaani kile kinachoipa tovuti sura yake, ikikosa mipangilio yake inarudi kwenye ya kuanzia, kana kwamba hujawahi kuigusa.

Kwa hiyo tafuta lile faili la SQL la awali, ambalo hujalihariri (natumaini hukuandika juu yake), uliingize lilivyo. Halafu tumia WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, inayofungua mfuko, kubadilisha, na kuhesabu upya:

wp search-replace 'http://localhost/tovuti' 'https://example.com' --skip-columns=guid --dry-run

Neno --dry-run hukuonyesha kitakachobadilika bila kugusa kitu. Ukiridhika, liondoe na urudie amri. Safu ya guid tunairuka kwa makusudi: ni kitambulisho cha kudumu cha kila chapisho, hata kama sura yake ni ya anwani. Kama ulijenga kurasa kwa programu-jalizi ya kupanga kurasa, huenda baadhi ya picha zikagoma hata baada ya hapo, kwa kuwa baadhi ya programu hizo huhifadhi mkwaju ukiwa umetanguliwa na mkwaju wa nyuma (\). Rudia amri ukitafuta 'http:\/\/localhost\/tovuti', na badala yake uweke 'https:\/\/example.com'.

Sasa 404. Kabla ya kugusa chochote, itazame vizuri hiyo 404 yenyewe. Je, ina kichwa na rangi za tovuti yako, au ni karatasi nyeupe yenye maneno machache ya seva? Ikiwa na sura ya tovuti, ombi limefika hadi WordPress, ila WordPress haitambui njia hiyo. Nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, bonyeza kuhifadhi bila kubadilisha kitu. Kanuni zitaandikwa upya.

Ikiwa ni nyeupe, nami nahisi yako ni nyeupe, basi seva inatafuta folda halisi yenye jina la ukurasa wako, na folda hiyo haipo. Kwenye Apache, programu ya seva ya wavuti, anayepaswa kulipeleka ombi kwa index.php ya WordPress ni faili la .htaccess. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo hufichwa na mara nyingi husahaulika wakati wa kunakili. Na kama ulilinakili, bado lina RewriteBase /tovuti/ na mstari wa mwisho unaoelekeza /tovuti/index.php, folda ambayo kwenye seva mpya haipo. Badilisha yawe hivi:

RewriteBase /
RewriteRule . /index.php [L]

Bado? Andika upuuzi wowote kwenye mstari wa kwanza wa .htaccess, kisha fungua tovuti. Ikitoa kosa la 500 (hitilafu ya seva), faili linasomwa. Futa upuuzi huo mara moja na uhakikishe moduli ya rewrite imewashwa. Tovuti ikifunguka kama kawaida, seva hailisomi kabisa. Apache 2.4 isipoambiwa huchukua AllowOverride None, hivyo kwenye usanidi wa folda yako weka AllowOverride All, uiwashe Apache upya. Kama huna ruhusa ya kufika huko, watumie wanaokuhifadhia tovuti sentensi hiyohiyo.

Kwa Nginx, programu nyingine ya seva, sahau yote ya .htaccess, haiyasomi. Huko unahitaji mstari mmoja ndani ya location /:

try_files $uri $uri/ /index.php?$args;

Na ukijaribu baada ya kila hatua, tumia dirisha la faragha. Kivinjari hukumbuka uelekezaji wa 301, kwa hiyo kinaweza kuendelea kukupeleka localhost saa nzima baada ya wewe kumaliza kurekebisha.