Mtoto wako yuko mbele ya wenzake darasani? Mtafutie mwalimu kwanza, shule baadaye

Tangu nilipowaambia kwamba binti yangu amechaguliwa kwenda Kilakala, sekondari ya serikali ya wasichana wenye vipaji maalumu kule Morogoro, simu yangu haitulii. Ujumbe ulionigusa zaidi ni wa mama mmoja wa Singida. Kijana wake yuko darasa la nne, anamaliza zoezi wenzake wakiwa bado wanapigia mstari tarehe, na mwalimu amempa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. "Dada, nimhamishe shule?"

Dada yangu, hayo nimeyapitia. Shule ya kwanza ya binti yangu tulilipa ada ya kujibana, basi la njano likimfuata mpaka getini. Alipofika darasa la tatu, akimaliza hesabu anatumwa kufuta ubao, au kusahihisha madaftari ya wenzake. Nilipokwenda kuuliza, nikajibiwa mbele ya wazazi wengine: "Mama, mwambie mtoto wako asijifanye mjuaji." Neno lile linaniuma hadi leo. Mtoto naye akaanza kuficha majibu. Anajua, ananyamaza.

Tukamhamishia shule ya serikali jirani na nyumbani. Ndugu walisema tumefulia. Darasa lilijaa, dawati moja watoto watatu, lakini palikuwa na mwalimu wa hisabati wa darasa la tano.

Siku moja nafungua daftari, nakuta chini ya vema ameandika kwa wino mwekundu: "Umepata. Sasa nieleze kwa nini." Walikuwa wamefundishwa kwamba ukijumlisha tarakimu za namba, jumla ikigawanyika kwa 9, namba yenyewe nayo inagawanyika. Wenzake wakaendelea na zoezi la kitabuni. Yeye akapewa 738 aje nayo nyumbani. Jioni ile ugali ulipoa mezani. Mia ni 99 na 1, kumi ni 9 na 1, na 99 na 9 zote zinagawanyika kwa 9. Kwa hiyo ukitoa 99 mara saba kwenye 700 inabaki 7, ukitoa 9 mara tatu kwenye 30 inabaki 3, halafu kuna ile 8. Saba, tatu, nane: 18. "Mama! Zinazobaki ndiyo tarakimu zenyewe!" Alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuchungulia.

Mwalimu yule hakumrundikia maswali, wala hakutaka arushwe darasa. Alichukua somo lilelile la wenzake akamshusha nalo chini zaidi. Mwalimu wa namna hiyo ndiye wa kumtafuta, na hajiandiki kwenye bango la shule.

Utamjuaje? Achana na wastani wa mtihani uliobandikwa ofisini. Omba kuona madaftari. Ukikuta vema na "Vizuri" ukurasa baada ya ukurasa, endelea kutafuta. Muulize mwalimu wa taaluma ni nani watoto humfuata na maswali baada ya vipindi. Kisha nenda kwa huyo, jioni, si asubuhi ya Jumatatu. Mwamkie vizuri, na usianze na "mwanangu ana akili sana". Mtu ana darasa zima la kubeba. Mwambie: "Mwalimu, akimaliza mapema nimpe nini?" Kama anaipenda kazi hiyo, jibu analo tayari. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bure. Pakua cha darasa la mbele, mpelekee akuchagulie sura.

Wazazi wenzangu, tusingoje serikali iwapokee watoto hawa. Shule zake za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Msalato, Kilakala, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, zote ni sekondari. Mtoto wa darasa la pili aliyekwisha kuchoka ana miaka kabla ya kuufikia mlango huo, na wengi wanazimika njiani huku sisi tunalinganisha rangi za sare na urefu wa mabasi. Mtoto hafundishwi na jengo!

Na ukishampata, chukua namba yake ya simu mapema, maana walimu huhamishwa. Wetu alihamishiwa wilaya nyingine binti akiwa darasa la sita. Kila Jumamosi alituma swali moja kwa WhatsApp, nami nikapiga picha karatasi ya majibu na kumrudishia, mpaka wiki ya mtihani wa darasa la saba.